Nani Alisema Bunge la Taifa ni la Chini?

Hivi majuzi nilialikwa na chama cha Kiswahili cha shule moja ya upili katika Kaunti ya Embu ili niwazungumzie wanafunzi juu ya istilahi za siasa. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa vyema, kwani mhadhiri wa isimu hapendi kuaibishwa na watoto. Nilizungumza kwa muda wa saa nzima, nikaeleza asili ya maneno kama vile chama, kura, mswada na kamati. Nilipomaliza, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa ameketi nyuma kabisa aliinua mkono. "Daktari," akasema kwa adabu, "vitabu vinatuambia Bunge la Taifa ni bunge la chini na Seneti ni bunge la juu. Mbona hilo la chini ndilo lenye watu wengi, ndilo linalogawa pesa, na ndilo linalomshtaki Rais? Liko chini ya nini?"

Waalimu waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka. Swali lile lilinigusa mahali penye kidonda ambacho nitakieleza baadaye. Kwanza nataka nimjibu msichana yule kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku ile, kengele ya chakula ikiwa inatukimbiza.

Majina haya ya juu na chini hayakuzaliwa kwetu. Yalitoka Uingereza, ambako makabaila waliketi katika baraza lao na watu wa kawaida katika la kwao. Aliyekaa juu alikuwa juu kwa sababu ya nasaba, wala si kwa sababu ya kazi aliyopewa na wapiga kura. Mataifa mengi yaliyoiga mfumo huo yaliiga na majina yake, hata pale ambapo hapakuwa na makabaila. Marekani kwa mfano, karibu kila jimbo lina mabaraza mawili ya kutunga sheria, na lile lenye wajumbe wengi zaidi huitwa la chini. Sisi nasi tukalipokea neno hilo, tukalitafsiri, tukalitia katika vitabu vya shule.

Lakini Kiswahili si Kiingereza. Kwetu, neno "chini" hubeba mzigo mzito. Aliye chini huamriwa, na aliye juu huamuru. Mwanafunzi akisikia bunge la chini, huwaza moja kwa moja kwamba hapo ni mahali pa wadogo wanaongoja ruhusa ya wakubwa. Ajabu ni kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuyatumia maneno hayo hata mara moja. Kifungu cha 93 kinasema tu kwamba Bunge la Kenya ni Bunge la Taifa na Seneti. Hakuna la juu, hakuna la chini. Kuna mabaraza mawili yaliyogawiwa kazi.

Ili tuuelewe mgawo huo, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni alikuwa Eliud Mathu, aliyeteuliwa mwaka 1944. Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura waliingia Machi 1957, nao walikuwa wanane. Mmoja wao alikuwa Bernard Mate, mwana wa Meru, aliyemshinda Mathu huyo huyo katika eneo la Kati. Mwaka uliofuata nafasi ziliongezwa, na Jeremiah Nyagah wa Embu akawa miongoni mwa walioingia. Kwa hiyo watu wa upande huu wa Mlima Kenya hawakuwa wageni bungeni tangu mlango ulipoanza kufunguliwa.

Mwaka 1963 tulipopata madaraka tulikuwa na mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na maeneo ya uchaguzi 117 pamoja na wajumbe 12 waliochaguliwa kwa njia maalumu, nalo likaongozwa na Spika Humphrey Slade. Seneti ilikuwa na wajumbe 41. Mfumo huo haukudumu. Mwishoni mwa mwaka 1966 mabaraza hayo yaliunganishwa, na maseneta wakapewa viti katika bunge moja. Kwa zaidi ya miaka arubaini Kenya ilikuwa na bunge moja tu, na ndiyo maana wazazi wetu wengi hadi leo wakisema "Bunge" hudhani ni mahali pamoja penye kila jibu. Seneti ilirudi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, ikaja pamoja na mabunge 47 ya kaunti. Tangu hapo raia wa Meru au Embu anawakilishwa katika mabaraza matatu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemketisha kumweleza lipi ni la nini.

Bunge la Taifa lina wajumbe 349 na Spika. Kati yao, 290 huchaguliwa na maeneo bunge, wanawake 47 huchaguliwa mmoja kwa kila kaunti, na 12 huteuliwa na vyama kulingana na wingi wa viti. Meru ina maeneo bunge tisa: matatu ya Igembe, mawili ya Tigania, matatu ya Imenti, na Buuri. Embu ina manne: Manyatta, Runyenjes, Mbeere Kusini na Mbeere Kaskazini. Ukiongeza wawakilishi wa wanawake, Meru hupeleka wajumbe kumi na Embu watano. Katika Seneti kila kaunti, iwe kubwa au ndogo, huchagua seneta mmoja. Huo ndio msingi wa kuwa na mabaraza mawili. Katika Bunge la Taifa watu huhesabiwa kwa wingi wao; katika Seneti kaunti husimama sawa. Jambo linalohusu kaunti likipigiwa kura katika Seneti, Meru yenye maeneo tisa na Embu yenye manne zina kura moja moja.

Anayeongoza Bunge la Taifa ni Spika. Wabunge ndio wanaomchagua, ila yeye mwenyewe si mbunge. Hapigi kura wala hachangii hoja. Kazi yake ni kulinda utaratibu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2022 kiti hicho kilikaliwa na Justin Muturi, mwana wa Mbeere aliyekuwa mbunge wa Siakago hapo awali. Wanafunzi wa Embu wana haki ya kujua kwamba katika miaka kumi ya kwanza ya mfumo mpya, aliyekuwa akisema "utaratibu!" ni mtu wa kwao.

Upande wa kuume wa Spika huketi chama au muungano wenye wabunge wengi zaidi, na upande wa kushoto wale walio wachache. Kila upande una kiongozi wake, na Katiba yenyewe inawatambua viongozi hao wawili. Chini yao wako viranja. Nilipolitaja neno hilo katika shule ile, wanafunzi waliangua kicheko kwa sababu kwao kiranja ni yule anayeandika majina ya wapiga kelele. Waama, hawakukosea sana. Kiranja wa bungeni huhakikisha wabunge wa upande wake wamefika siku ya kura na wameelewa msimamo wa chama. Akilala yeye, hoja ya chama chake hulala pia.

Mbele ya Spika huwekwa siwa. Neno hili lanifurahisha kuliko yote, kwa kuwa ni letu. Siwa ni baragumu kubwa la Waswahili wa kale. Kuna siwa ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ya shaba iliyotoka Lamu, na zote mbili zilikuwa alama ya mamlaka. Ilipohitajika tafsiri ya ile rungu ya Waingereza inayoonyesha kwamba baraza limeketi kisheria, Kiswahili hakikukopa. Kilifungua sanduku lake na kukuta neno tayari. Kadhalika neno "chama" ni ndugu wa tumbo moja na "kiama" ya lugha za mlimani, yaani baraza la wazee. Mmeru anayelijua baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake kule Nchiru, hahitaji kufundishwa kwamba watu waweza kuketi kwa daraja na kwa utaratibu, wakasikilizana na kukata shauri. Analohitaji ni kuelezwa kwamba bungeni nako ni vivyo hivyo.

Bunge la Taifa kwa kawaida huketi Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Ili kikao kiendelee lazima wawepo wabunge hamsini. Wakipungua, kengele hupigwa ili waliotawanyika warudi. Lakini anayelitazama Bunge katika runinga tu hajaliona. Kazi nyingi hufanyika katika kamati. Kuna kamati zinazofuatana na wizara, kama vile ya Elimu, ya Afya na ya Kilimo. Kuna Kamati ya Bajeti, na kuna ya Hesabu za Serikali ambayo huchunguza jinsi fedha zilivyotumiwa. Mswada unaposomwa mara ya kwanza, hutajwa jina lake tu kisha hupelekwa katika kamati. Hapo ndipo mwananchi anapokaribishwa kutoa maoni. Kusomwa mara ya pili ni kujadili kiini chake. Halafu wabunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima, wakapitia kifungu kimoja baada ya kingine, ndipo mswada husomwa mara ya tatu. Ukihusu kaunti, huenda pia katika Seneti, na mabaraza yakitofautiana huundwa kamati ya upatanisho. Ukiwa wa fedha za taifa, huanzia na kuishia katika Bunge la Taifa. Mwisho humfikia Rais, ambaye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha.

Vijana waliona mwendo huo kwa macho yao mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulipitishwa na Bunge la Taifa tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na damu ya vijana ikamwagika Nairobi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi waliniuliza maseneta walikuwa wapi. Jibu ni kwamba mswada wa aina ile haupiti katika Seneti. Hilo linaloitwa bunge la chini ndilo peke yake lililokuwa na neno. Jambo la pili nililowaambia halikuwapendeza: kamati husika ilikuwa imekaribisha maoni majuma kadhaa kabla ya siku ile. Je, ni shule ngapi na vyuo vingapi vilivyowafundisha vijana kwamba mlango huo upo, na kwamba hufunguliwa mapema?

Siasa za hapa kwetu nazo zimetupa mafunzo. Gavana hushtakiwa na bunge la kaunti yake, kisha Seneti huamua. Gavana wa kwanza nchini kung'olewa kwa njia hiyo alikuwa Martin Wambora wa Embu, mwaka 2014. Seneti ilimwondoa mara mbili na mahakama zikamrejesha. Katika Meru, bunge la kaunti lilimshtaki Gavana Kawira Mwangaza mwaka 2022 na tena 2023, na mara zote mbili Seneti ikamwokoa. Aliposhtakiwa mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ilikubali aondolewe, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Ama Rais na naibu wake, hao hushtakiwa na Bunge la Taifa. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, ilhali zilihitajika kura 233. Seneti ikasikiliza mashtaka hayo na kumwondoa siku chache baadaye. Katika mambo haya mtu haulizi nani yuko juu. Huuliza nani hushtaki na nani huamua.

Sasa nije kwenye kidonda changu.

Miaka michache iliyopita wazee wa kijiji nilikozaliwa, kwenye miteremko ya mlima, walinijia nyumbani wakati wa likizo. Zahanati yao ilikuwa haina dawa wala muuguzi wa usiku, na mama mmoja alikuwa amejifungulia njiani akipelekwa mjini. Mzee aliyewaongoza alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe ndiye tuliyekusomesha. Tuandikie barua iende Bunge." Niliona fahari. Niliketi usiku ule nikaandika ombi refu kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Wazee wakatia sahihi na wengine alama ya kidole gumba. Nikalipeleka katika Bunge la Taifa kupitia afisi iliyohusika.

Tulingoja miezi minane. Hatimaye tukajibiwa kwa mistari minne kwamba zahanati za vijijini ni jukumu la serikali ya kaunti, na kwamba ombi lilifaa kupelekwa katika Bunge la Kaunti ya Embu. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mgawo wa kazi umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba, ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamifu, sikuwa nimelifungua. Nilikuwa nimewaza kama wazee wale: nenda kwa wakubwa Nairobi. Kumbe baraza lililokuwa na uwezo wa kumwita afisa wa afya na kumhoji juu ya dawa zile lilikuwa Embu mjini, lenye wawakilishi kutoka wadi 20, mmoja wao akiishi mwendo wa nusu saa kutoka zahanati ile.

Nilipomweleza mzee yule, hakunikemea. Aliniomba nimsomee ile barua tuliyoipeleka, kwani alitaka kujua alikuwa ametia kidole gumba kwenye maneno gani. Nikaanza kumfasiria. Katikati akaniuliza, "Kwani Bunge halisikii Kiswahili?" Sikuwa na la kumjibu. Mimi ambaye hula mkate kwa sababu ya lugha hii nilikuwa nimewanyima wenyewe barua yao.

Bunge husikia Kiswahili. Rais Jomo Kenyatta aliamuru kitumiwe bungeni mwaka 1974, ingawa miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa katika mijadala kando yake. Katiba ya sasa imeziweka lugha tatu rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu zinataka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo, jambo ambalo wengi wetu darasani hatuliwezi. Na kuhusu maombi ya wananchi, sheria inaruhusu yaandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mradi lugha iwe ya heshima na adabu. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba ombi lazima liwe gumu.

Ombi la pili tuliliandika pamoja chini ya mwembe, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Kila sentensi ilisomwa kwa sauti na wazee wakairekebisha. Palipohitaji ukali wakaondoa maneno yangu laini, na palipohitaji adabu wakaondoa yangu makali. Lilipelekwa Embu na watu sita waliojua lilichosema. Siwezi kudai kwamba zahanati imekuwa hospitali. Dawa zilikuja kwa muda, zikapungua tena, na watu wale sita wakarudi tena wenyewe bila kuniita. Hilo la kurudi bila kuniita ndilo ninalolihesabu.

Kwa hiyo, msichana wangu wa kidato cha tatu, Bunge la Taifa haliko chini ya chochote isipokuwa Katiba na wewe mwenyewe utakapofikisha umri wa kupiga kura. Ukiulizwa katika mtihani, andika jibu ambalo mtahini analitaka, lakini ukitoka nje ya chumba cha mtihani tumia majina yenyewe: Bunge la Taifa, Seneti, Bunge la Kaunti. Jina linaloeleza kazi humsaidia mtu kujua aende wapi. Jina linaloeleza kimo humfundisha tu kuogopa.

Nanyi waalimu wenzangu wa Kiswahili na wa historia, mzigo huu ni wetu sote. Tunawafundisha watoto kuandika barua rasmi kwa meneja wa kampuni isiyokuwapo, kuomba kazi isiyokuwapo. Waandikieni zoezi jingine. Wachague jambo moja la kweli: daraja, kisima, karo au dawa. Wachunguze ni la baraza lipi kati ya hayo matatu. Waandike ombi kwa Kiswahili sanifu, kwa adabu, katika ukurasa mmoja, kisha wamsomee nyanya au babu nyumbani. Babu akilielewa, mpe mtoto alama zake zote. Asipolielewa, liandikwe upya, kwa maana huyo babu ndiye mwenye haki ya kutia sahihi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliona aibu kuuliza, na kijiji changu kikalipa miezi minane.